Mpasheni wa Dirishani Haukatwi

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza! Wiki mbili bila mhuri, bila faili, bila foleni ya watu wanaouliza kwa nini bomba lao linatoa upepo badala ya maji. Nimekitoa kiti changu cha kulala, nimekiweka barazani penye kivuli. Nimekaa. Sijamaliza kunyoosha miguu, mke wangu akatokea na panga.

Panga! Siku ya kwanza!

Akasema ule mmea uliotambaa kwenye dirisha la chumba chake cha kushonea umeziba mwanga wote. Akasema niliahidi kuukata mvua zikiisha. Nikamwambia sikusema mvua za mwaka gani. Hakucheka. Anashona sare za kwaya ya walimu, wanazivaa Jumamosi kwenye sherehe ya shule yao, na jana usiku aligundua kwamba amebandika mkono wa kushoto upande wa kulia, kwa sababu anashona gizani kama popo.

Nikaenda kuutazama. Ule si mmea, ni jeshi. Umeanzia chini ya ukuta wa jirani, umekamata bomba la paa, umefunika dirisha, umevuka mabati, ukateremka upande wa pili kuangalia kama kuna kingine cha kukamata. Mgongo ulianza kuniuma kwa kutazama tu.

Ndipo nikaliona ua. Limekaa peke yake kwenye kona ya dirisha. Petali nyeupe, katikati duara la nyuzi za zambarau zilizojisokota kama nywele zilizotoka saluni, na juu kabisa vidude vitatu vimetanda kama misumari. Akili ikafanya kazi! Ofisini kwetu tuna kanuni moja isiyoandikwa popote: jambo likipelekwa kwa wataalamu, halirudi.

Nikarudi barazani. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya chini kama ya msibani, kwamba huu ni mpasheni wa aina isiyojulikana. Kuukata kabla haujatambuliwa ni kuihujumu elimu. Akauliza atakayeutambua ni nani. Nikasema mimi. Akanitazama, akalitazama panga, akanitazama tena. Akasema haya, nitambue, lakini Ijumaa jioni dirisha lake liwe wazi.

Ushindi! Hadi sasa nimetambua kwamba hakuna upepo mtamu kama wa saa nne asubuhi, wenzako wakiwa kazini.

Jumanne, 5 Agosti

Kiti changu kimetekwa. Nimeamka nikakuta vitambaa vya sare vimepangwa juu yake. Mke wangu anasema chumba chake hakina mwanga, kwa hiyo anakatia barazani, na zaidi ya hayo mtaalamu hatambui mimea akiwa amelala chali. Ana maneno yule mwanamke.

Basi nikachukua ngazi, rula na uso wa mtu mwenye shughuli. Ajabu ni kwamba kuna kitu cha kutazama. Nilidhani ni mmea mmoja, kumbe ni mitatu imesokotana. Wa kwanza una majani yenye ndimi tatu, kingo zake kama msumeno, nao ndio wenye maua ya zambarau. Wa pili una vinywele mwili mzima, na kila tumba limevishwa wavu mdogo wa kijani kama kofia ya kufuma. Nikasugua jani lake nikanusa. Nisingenusa! Soksi za askari aliyetoka safari. Wa tatu una majani mapana, mazima, hayana ndimi, na shina lake lina pembe nne kama mguu wa meza. Huo haujachanua.

Nilikuwa bado juu ya ngazi nikitema mate kwa ile harufu, jirani akachomoza kichwa juu ya ukuta. Huyu tunamwita Bwana Tai kwa sababu anavaa tai hata akienda kumwaga taka. Akauliza natafuta nini. Nikamjibu kwa kifupi kwamba nafanya utafiti. Akasema utafiti wa nini, hizo si pasheni tu, tena shina lake liko upande wake, ni yeye aliyetema mbegu pale.

Kisha akatoa simu yake mpya. Akasema ina programu inayotambua mmea wowote duniani kwa picha moja. Akapiga. Simu ikasema pasheni. Akacheka hadi tai ikamgeukia begani. Nikamwambia apige tena, asogeze karibu. Akapiga, nami wakati huo huo nikainama. Simu ikatambua utosi wangu. Ikasema boga.

Hakuna sayansi hapo. Lakini Bwana Tai amekwishamwambia mke wangu kwamba ni pasheni za kawaida. Tena kwa sauti ya kupita kuta mbili. Mchongezi mkubwa.

Jumatano, 6 Agosti

Hali ni mbaya. Wakati wa chai mke wangu amesema kwamba kama ni pasheni za kawaida basi panga ni la kawaida, na mkono wangu ni wa kawaida, tuanze. Nikasema simu ya Bwana Tai iliniita boga. Akasema simu nzuri.

Nikamwomba siku moja zaidi. Akasema vyema, kesho yule Mwalimu wa Bayolojia, ambaye pia ni sauti ya kwanza kwenye kwaya, anakuja kujaribu sare yake. Yeye ndiye atakayesema. Akisema ni ya kawaida, nitapanda ngazi akiwa bado getini.

Mwalimu wa Bayolojia! Huyo anajua majina ya minyoo kwa Kilatini. Mimi nina ua moja la kawaida, mmea mmoja unaonuka na mwingine usiochanua. Nilizunguka uani nikifikiri mpaka kuku wa Bwana Tai, waliotutembelea bila mwaliko, wakaanza kunifuata wakidhani nina mtama.

Jibu nikalipata chumbani kwa mke wangu. Alikuwa ameenda kununua vifungo. Juu ya cherehani palikuwa na kibonge cha uzi wa dhahabu, ule wa kutarizia kola za kwaya. Unang'aa! Nikaupeleka dirishani. Ua lenye nyuzi za zambarau ni pasheni. Ua lenye nyuzi za zambarau na za dhahabu ni ugunduzi.

Sasa naandika haya nikiwa fundi. Kazi haikuwa rahisi. Nilitumia kibanio cha nyusi cha mke wangu na gundi ya bahasha. Nyuzi nne za kwanza zilinata kwenye ndevu zangu. Siafu wakapanda mkono wa shati, wakafanya mkutano kwapani. Lakini nilipomaliza na kurudi nyuma hatua chache, mimi mwenyewe nilikaribia kuamini. Kazi nzuri inajieleza.

Alhamisi, 7 Agosti

Nusura nizimie asubuhi. Ua limenyauka! Kumbe maua haya huishi siku moja tu, jioni yanajifunga kama duka. Lile la jana limekuwa kitambaa kilicholoa, uzi wa dhahabu unaning'inia kama ndevu za mbuzi. Kwa bahati yamefunguka mengine mawili. Nikarudia kazi yote kabla mke wangu hajamaliza kukoroga uji. Watu wanadhani uvivu ni rahisi.

Mwalimu akafika saa tatu. Mama wa makamo, sauti kubwa, miwani ameisahau shuleni. Miwani ameisahau! Nilitamani kupiga vigelegele. Mke wangu akampeleka dirishani mwenyewe, mikono kiunoni, akamwambia atazame aseme.

Mwalimu akakunja macho. Akasogea, akakwamishwa na ule mmea unaonuka, akapiga chafya. Kisha akasema, polepole, kwamba amefundisha bayolojia miaka yote hii na hajawahi kuona pasheni yenye taji la rangi mbili. Akataka kulichuma. Nikamzuia kwa mwili wangu. Nikasema ni machache mno, yakiguswa yanakufa, na mmea una haya. Akaniunga mkono! Akamgeukia mke wangu akasema mtu asiguse hata jani moja, kesho atakuja na miwani, kioo cha kukuzia na darasa zima la kidato cha tatu.

Mke wangu akamrudisha Mwalimu ndani. Akamvalisha sare, akamchoma na pini mara moja. Nadhani ni bahati mbaya.

Furaha yangu ingekuwa kamili kama si Bwana Tai. Alikuwa anasikiliza nyuma ya ukuta, na Mwalimu alipokuwa anatoka akamkimbilia getini. Akamwambia maua hayo ya dhahabu ni yake, mizizi iko kwake, na yeye aliyaona mwaka jana, mengi tu, ila kwa unyenyekevu wake hakutangaza.

Mwaka jana! Mwongo asiye na haya! Uongo huu nimeutunga mimi, kwa mikono yangu, kwa gundi yangu, halafu mtu anakuja kunidanganya kwamba aliuona mwaka jana! Nilitaka kumwambia hadharani kwamba haiwezekani. Nikakumbuka kwa nini haiwezekani. Sijawahi kudhulumiwa hivi.

Usingizi utakuwa wa shida. Kioo cha kukuzia, alisema.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya aibu. Naiandika nikiwa nimesimama, mgongo hautaki kitu kingine.

Nilipanga hivi: maua ya leo niyapambe juu kabisa, karibu na paa, ambako kioo hakifiki. Nikachukua uzi uliobaki, kibonge chote, nikapanda. Nilipamba kama anayepamba bibi harusi. Nikateremka kwa wakati. Wanafunzi walikuwa wanaingia getini na madaftari, Mwalimu mbele akiwa amevaa sare yake ya kwaya, kwa kuwa alitaka kupitia marekebisho ya mwisho. Nguo ya zambarau, kola imetariziwa dhahabu. Miwani puani.

Bwana Tai naye alikuwa amekwisha kuingia. Amevaa tai mbili, sijui kwa nini. Akawa anawaeleza wanafunzi jinsi alivyoutunza mmea huu tangu ukiwa mbegu.

Mwalimu akapanda ngazi! Mama yule, na umbo lake, akapanda ngazi kama fundi wa umeme. Nikaishika kwa mikono yote miwili, namwomba Mungu aivunje na asiivunje. Akatazama kwa kioo. Halafu akapiga ukelele wa furaha: "Jamani, tazameni! Maua haya yamevaa sare yetu! Zambarau ile ile, dhahabu ile ile!"

Akashusha kola yake mwenyewe akailinganisha na ua. Akasema ni maajabu ya uumbaji. Akasema ni ishara njema kwa sherehe ya kesho. Mimi nikaanza kuamini tena kwamba nitaponea hapo.

Wakati huo huo mke wangu akatoka ndani. Mkononi ana mkasi, machoni ana wekundu wa mtu aliyekesha akitafuta tundu la sindano. Akasema mbele ya watu wote kwamba zimebaki kola mbili, uzi wa dhahabu umetoweka, na duka la uzi limemwambia rangi hiyo imekwisha. Akauliza kama kuna aliyeuona.

Mimi nilikuwa naisoma ngazi.

Akanyanyua macho, kwa ajili ya kushangaa tu kwamba mteja wake yuko juu ya ngazi. Akaona ua. Akaona kola. Akaona gundi kwenye ndevu zangu.

Akamwomba Mwalimu ateremke, kwa adabu kabisa. Akapanda yeye. Akashika ncha ya uzi kwa vidole viwili, akavuta. Ukaja. Akavuta tena. Ukaja kutoka ua la kwanza, ukaja kutoka la pili, mrefu, unang'aa, na yeye anauzungusha kwenye kibonge taratibu kama mtu anayevua samaki. Darasa zima linafuata kwa macho. Mtoto mmoja akauliza kama hilo nalo waandike.

"Mwalimu," mke wangu akasema kutoka juu, "aina hii naijua mimi. Inaitwa uvivu. Inastawi sana kivulini, na ua lake hufunguka mtu akitajiwa panga."

Wakacheka! Kidato cha tatu chote. Kuku wakakimbia. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani kujifuta. Nikamtazama Bwana Tai, aliyeyaona mwaka jana. Alikuwa anarudi kwake akitembea kinyumenyume. Nikamwita kwa sauti kwamba asiondoke, aje atuonyeshe ya mwaka jana. Akasema ana mgeni.

Basi Mwalimu, akiwa amekwisha kupanda na kushuka, hakutaka safari ipotee bure. Akawafundisha wanafunzi ile mimea mitatu. Huu wenye ndimi tatu ni pasheni ya kawaida, ile inayouzwa sokoni. Huu wa wavu na harufu ni pasheni pori. Ule wavu hunasa wadudu wadogo, na ukiuacha utatambaa hadi ofisi ya mtendaji wa mtaa. Kwenye ule wa shina la pembe nne akasimama. Akapitisha kidole kwenye kona zake. Akasema huu ni mpasheni mkubwa, matunda yake yanakuwa kama tikiti dogo, na mtaani hapa hajauona kwa mtu yeyote.

Kwa mtu yeyote! Nikamtazama mke wangu. Kumbe kulikuwa na kitu adimu dirishani muda wote, nami nilikuwa nahangaika na gundi! Nikaanza kusema kwamba niliwaambia. Mke wangu akanipa panga.

Nimekata hadi jua limezama. Wanafunzi walibaki kidogo kushangilia.

Jumamosi, 9 Agosti

Sherehe ya shule. Kwaya imeimba vizuri, sare zimependeza. Sauti ya kwanza alipiga chafya katikati ya ubeti wa tatu. Mke wangu anasema ni chavua iliyobaki kwenye uzi wa kola. Watu walidhani ni sehemu ya wimbo.

Jioni tuliporudi nikapita nje ya chumba cha kushonea. Dirisha liko wazi. Mke wangu alikuwa amekaa, hashoni, mikono ameiweka mezani kwenye mwanga wa jua la mwisho, anaigeuzageuza kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Vidole vina alama nyingi za sindano. Sikuwahi kuziona. Nikamwambia mwanga ni mzuri. Akasema ni mzuri sana, ahsante mume wangu.

Ilikuwa dakika njema. Kisha akasema ule mpasheni mkubwa tumeubakiza, na Mwalimu amemweleza kwamba ni mzito, unahitaji kichanja imara, nguzo sita, nianze kesho baada ya kifungua kinywa. Mbali na dirisha.

Kukata kulikuwa afadhali!

Jumatano, 13 Agosti

Kichanja kimesimama. Kimeinama kidogo upande wa Bwana Tai, sikukusudia, lakini sisikitiki.

Na leo mmea umechanua. Ua kubwa kama kisahani, jekundu kwa ndani, nyuzi zake nene zina michirizi ya zambarau na nyeupe, zinacheza kama mikono ya pweza. Hapakuhitajika gundi! Tulikusanyika wote kutazama, hata Bwana Tai, ambaye hakudai chochote. Nikaona fahari.

Kumbe lina masharti. Mwalimu ametuma ujumbe kwamba nyuki wa hapa hawaliwezi, kwa hiyo kila ua likifunguka lazima mtu achukue brashi laini, abebe chavua kutoka vichwa vitano vya kiume, aipake kwenye vidude vitatu vya kike. Kila ua. Kila asubuhi. La sivyo hakuna tunda. Mke wangu akaniletea brashi aliyoitoa kwenye vipodozi vyake. Akasema yeye ana kazi, na mtu mwenye subira ya kupachika uzi kwenye petali hawezi kushindwa hili.

Sasa mimi ni mshenga wa maua. Bwana Tai ameacha kuniita jirani. Ananiita Nyuki.

Alhamisi, 14 Agosti

Likizo inaisha Jumapili na sijalala mchana hata mara moja. Nimejifunza mengi. Nimejifunza kwamba ukitaka jambo lisishtukiwe, usitumie vitu vya mke wako vinavyohesabika. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, wala sioni lingine.

Leo amesema ukuta wa bafu umeota ukungu mweusi kutoka juu hadi chini. Ameniletea ndoo, brashi ngumu na sabuni ya unga. Amesema kesho ukungu huo usiwepo.

Nimeenda kuutazama. Ni ajabu. Si weusi mtupu, una mabaka, na kwenye kona moja umejichora duara lenye pete ndani yake. Sijapata kuona ukungu wa namna hiyo, na nimeoga pale miaka kumi. Kuusugua kabla haujatambuliwa itakuwa haraka isiyo na maana.

Nimemtumia Mwalimu ujumbe kwamba safari hii ni kweli. Hajajibu, atakuwa darasani. Kitu pekee kinachokosekana ni rangi kidogo, na nimeona unga wa manjano jikoni. Unga hauhesabiki.